Ulimi Mbichi

Jumatatu, 4 Juni 1973

Nimenoa vyuma vya randa tangu asubuhi. Vidole vimechubuka. Fundi Jivan alipitisha kidole gumba kwenye kila kimoja, akarudisha viwili. Nikanoa tena.

Mwaka wa tatu huu, na bado nanoa. Mwaka wa kwanza nilifagia maranda, nikachemsha gundi, nikanoa. Mwaka wa pili nikaruhusiwa kukata viungo, kwenye vipande vya kutupa tu, na kunoa. Sasa natengeneza viti na makabati ya watu, na bado nanoa. Nilimwuliza Fundi, mwanagenzi anaacha kunoa lini? Akasema yeye nywele zimekwisha kichwani, nikiona siku ameacha kunoa nimwambie.

Habari kubwa: mtihani wa ufundi ni mwisho wa mwezi huu. Mtahini anakuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Sisi watatu wa karakana hii tumo, yaani Hamisi, Petro na mimi. Anayefaulu anapewa cheti cha Daraja la Tatu. La pili na la kwanza yako mbele huko, baada ya miaka ya kazi. Lakini bila la tatu wewe si kitu, hata kama umemchongea mtemi kitanda.

Nimefurahi mpaka nikakosa njaa. Halafu mchana njaa ikanikumbuka.

Jumatano, 6 Juni

Ulimi na tundu. Siku nzima.

Unachonga ncha ya mbao hii iwe ulimi, unachimba tundu kwenye mbao ile, unaingiza. Ulimi ukiingia kwa kusukumwa tu, umelegea. Ukitaka nyundo ya chuma, utapasua mbao. Fundi anataka uingie kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mti, na ukae bila gundi. Halafu anakishika kiungo, anakitikisa karibu na sikio. Kikilia anakitupa kwenye kapu la kuni.

Leo mke wake amepikia viungo vyangu viwili. Vya Hamisi vinne. Cha Petro hakuna. Petro ni mtu wa Ntalikwa, mkimya, hata akicheka anacheka kwa mabega. Hamisi ni mtoto wa mjini, anajua kila jambo kabla hujamwuliza. Nilimwambia Hamisi chai ya leo ina ladha ya mkono wake. Akanijibu, nikamjibu, ikawa kelele.

Fundi akasema bila kuinua kichwa: "Kalunde, ulimi wa mbao sasa unauweza. Wa kinywani nani atakuchongea?"

Nilicheka kuliko wote. Ni kweli. Bibi yangu alikuwa akisema mdomo uliponza kichwa, na akisema hivyo alikuwa ananitazama mimi.

Jumamosi, 9 Juni

Mwenyekiti wa kijiji chetu amekuja. Alileta mgonjwa hospitali ya Kitete, akapita karakanani kunisalimu. Amekonda. Kaleta karanga na salamu za mwanangu Shija na bibi yake.

Banda la ufundi pale Puge limekwisha ezekwa. Bati jipya, alisema, ukilitazama mchana linaumiza macho. Shule ya kijiji haina dawati hata moja, watoto wanaandikia magotini. Kazi ya kwanza ya fundi itakuwa hiyo. Halafu milango ya zahanati. Halafu mizinga, halafu majembe yanataka mipini. Nilikuwa nasikiliza mikono ikiniwasha.

Kisha akatazama chini. Mkutano wa kijiji umeamua fundi lazima awe na cheti. Kuna bwana mmoja wa Nzega anacho tayari na anakubali kuhamia. Watangoja mpaka Saba Saba. Nikifaulu, banda ni langu. Nisipofaulu, ni la bwana wa Nzega, maana mtihani huja mara moja tu kwa mwaka na watoto hawawezi kukaa chini mwaka mwingine.

"Mama Shija, usinichukie," alisema. Simchukii. Ni wao walionituma huku baba Shija alipofariki. Walikaa wakasema mwanamke huyu ana mikono. Wengine walicheka, wengine wakasema mwanamke na randa wapi na wapi, yeye akasimama nami. Sasa mwaka wa tatu wanasubiri.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo. Naogopa.

Jumapili, 10 Juni

Kanisani. Niliimba kwa nguvu hadi mzee wa mbele akageuka. Nimeomba nifaulu. Nikaona aibu, nikawaombea na wagonjwa. Halafu nikarudia kujiombea.

Nimekula ugali na nsansa, mboga zetu za kukausha, kwa karanga. Nimelala mchana. Raha.

Ijumaa, 15 Juni

Leo tumecheka hadi kulia. Miezi yote hii Fundi Jivan ametukaririsha majina ya vifaa kwa Kiingereza, vile alivyokaririshwa yeye na Mzungu enzi zile, kwa ajili ya maswali ya mdomo. Nimeyasema jikoni, nimeyasema chooni. Leo imekuja taarifa kwamba mtihani wote ni kwa Kiswahili. Wote!

Randa ni randa. Patasi ni patasi. Msumeno ni msumeno. Tulipiga makofi. Petro aliinua mikono juu. Fundi peke yake ndiye aliyenuna, anasema tumempotezea sauti yake. Hamisi amebaki na neno moja la Kiingereza analolipenda, na sasa anakiita kila kitu kwa neno hilo, hata chungu cha gundi.

Baadaye Fundi akatuweka chini kwa jambo la maana. Kukataa mbao. Alichukua mbao mbili za mninga zinazofanana kabisa, rangi ile ile nyekundu, mistari ile ile. Akaniambia nichague. Nikazitazama. Nikachagua kwa macho, nikakosea.

Akaziweka shavuni, moja baada ya nyingine. Iliyokauka haina baridi. Mbichi ina baridi kama mtungi. Halafu uzito. Halafu harufu. Ukichonga ulimi kwenye mbao mbichi, leo utakaa vizuri na wateja watakusifu. Mwezi ujao umekauka, umesinyaa, umelegea ndani ya tundu, na mteja ameanguka na kiti chako. Kwa hiyo fundi akipewa mbao mbichi anaikataa, hata aliyempa akiwa nani. Alilisema hilo mara mbili, kwa Kiswahili na kwa lugha yake.

Tangu hapo nimeweka shavuni kila mbao ya karakana. Hamisi anasema kama natafuta mchumba nimwambie.

Jumanne, 19 Juni

Nimeota nimechonga ulimi ukaota majani. Niliukata, yakaota tena. Sikumwambia mtu.

Jumapili, 24 Juni

Mtahini amefika. Anaitwa Bwana Omari. Hamisi ndiye aliyetumwa stesheni kumbebea sanduku. Amerudi na habari zake zote, maana Hamisi ni Hamisi.

Mtu mzima, mrefu, kofia nyeupe ya kushona kwa mkono, Kiswahili laini cha pwani. Hacheki. Sanduku zito. Hamisi akamwuliza, "Mzee, unatoka wapi?" Akajibu, "Natoka Kisarawe."

Kisarawe! Basi ni Mzaramo. Niliruka nikapiga kigelegele, mke wa Fundi akatoka jikoni na mwiko. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ya babu zetu. Hakuna Mzaramo wa kumtisha Mnyamwezi. Mtani humvunjii adabu, hata ukitaka. Msiba wake unaucheka, shati lake unalichukua, naye anakushukuru. Woga wote wa majuma mawili umetoka kama maji.

Kesho anakuja karakanani kukagua vifaa na mikataba yetu. Nimempangia maneno.

Jumatatu, 25 Juni

Sijui nianzie wapi.

Aliingia asubuhi, akasalimiana na Fundi Jivan kwa heshima, akaanza kukagua vifaa vyetu kimoja kimoja. Kimya kimya. Alipofika benchi langu akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

Nikasema kwa sauti ya kujaza karakana: "Mtani wako! Hebu niambie, mbona umechelewa? Babu zangu walikwenda pwani kwa miguu na pembe kichwani, wakarudi. Wewe umeletwa na treni umekaa kitako, na bado umechelewa!"

Akanitazama. Nikadhani anatafuta neno la kunirudishia. Watani wengine huwa wazito wa kuanza, unawasaidia. Basi nikamsaidia. Nilinyoosha mkono nikamvua kofia kichwani. Nikaivaa juu ya kilemba changu. Nikalizunguka benchi nayo, mkono kiunoni, nikamwambia ataikomboa kwa nazi, na Mzaramo asiye na nazi hata mkewe hamtaki.

Hamisi alikuwa anapiga makofi. Aliacha.

Bwana Omari akasema taratibu, kichwa wazi, nywele zimebanwa na kofia: "Mama, mimi ni Mpare. Wa Usangi. Kisarawe natoka kazini. Nilikuwa natahini huko."

Mungu wangu.

Natoka Kisarawe. Natoka! Mtu akitoka sokoni si mzaliwa wa sokoni. Sote twajua Kiswahili, na sote tulisikia tunachotaka.

Niliivua ile kofia. Ilikuwa imeingia vumbi la mninga kutoka kilemba changu, jekundu kwenye nyeupe. Nikaipuliza. Nikaifuta na kanga, vumbi likaenea zaidi. Akaipokea, akaitazama, akaitia mfukoni. Akaendelea kukagua. Alikagua patasi zangu kuliko za mwingine yeyote. Petro hakucheka hata kwa mabega.

Bwana Omari alipoondoka, Fundi Jivan aliketi juu ya gogo. Nilitegemea atanifukuza. Alishika tumbo. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anajaribu kunigombeza na hawezi.

Mimi sikucheka. Leo hapana.

Jioni. Nimekata shauri. Kesho na keshokutwa kinywa changu kimefungwa. Shikamoo, ndiyo bwana, basi. Mikono ndiyo itasema.

Jumanne, 26 Juni

Mtihani, siku ya kwanza. Banda kubwa nyuma ya stesheni. Watahiniwa kumi na kitu kutoka karakana za mji na misheni. Mwanamke peke yangu. Bwana Omari kichwa wazi. Kumbe kofia ameipeleka kwa dobi, Hamisi alikuja kuninong'oneza hilo mlangoni, asante sana Hamisi.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Hakuna zaidi.

Kazi: stuli ya miguu minne, viungo vyote vya ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Leo kupima na kukata, kesho kuunganisha, jioni ya kesho maswali ya mdomo. Kila mtu akakabidhiwa mbao zake, jina limeandikwa kwa chaki. Za miguu nzuri sana. Nikainua mbao ya viungio, ile inayotolewa ndimi zote. Mkono ukashtuka. Nzito. Nikajifanya najikuna, nikaiweka shavuni.

Mtungi.

Nilijua papo hapo. Na nilijua la kufanya. Fundi ametuambia mara mbili, kwa lugha mbili. Lakini kusema ni kumwita yule bwana, mbele ya watu wote, na kumwambia mbao yako ni mbovu. Mimi! Niliyemvua kofia jana. Atasema huyu mwanamke hajatosheka. Au labda kanipa kwa makusudi, kisasi. Nililiwaza hilo pia, na naliandika ingawa ni baya.

Nikanyamaza. Nikaanza kupima. Nikachora ndimi zote, nzuri, mistari imenyooka. Nikashika msumeno. Msumeno ukaingia, unga wake ukatoka wa kushikana, wa unyevu. Nikakata ulimi wa kwanza. Nikakata wa pili. Naona dawati la Puge, naona mtoto amekaa, naona linaanguka. Mimi ninayejibu kabla sijaulizwa, leo nimebeba ukweli mdomoni kama maji ya moto, simezi sitemi.

Jua lilipopinda niliweka msumeno chini. Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka: "Bwana Omari, mbao hii mbichi. Siifanyii kazi."

Banda zima likageuka. Akaja polepole. Aliishika mbao, akaipima kwa mkono.

"Umeijua saa hizi?"

"Hapana. Asubuhi."

"Mbona hukusema asubuhi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kofia."

Akakohoa. Alikohoa muda mrefu, ameweka leso mdomoni, amegeukia ukutani. Kisha akaniletea mbao nyingine. Niliiweka shavuni mbele yake, sikujali. Kavu. Nikaanza upya na wenzangu wanakaribia kumaliza kukata.

Mgongo wanikata. Lakini moyo mwepesi ajabu. Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 27 Juni

Nimemaliza. Nimemaliza! Wa mwisho kabisa, wenzangu wanafagia mimi nagonga. Lakini kila ulimi umeingia kwa nyundo ya mti, taratibu, na sauti ile ya kujaa inayokuambia basi. Niliitikisa stuli karibu na sikio. Kimya. Nilitamani kuikalia nikajizuia, halafu nikaikalia.

Mguu mmoja una alama ya msumeno, haraka ya jana. Ataiona.

Maswali ya mdomo. Aliniuliza kunoa, gundi, aina za mbao, kuzuia mchwa. Nikajibu neno moja moja, kwa adabu. "Ndiyo." "Jiwe na maji." "Mninga, mkurungu." Akaweka kalamu chini. "Mama, juzi ulikuwa na maneno mengi sana. Leo nayahitaji, huna?"

Basi nikafungua. Nilimweleza mninga unavyokauka kivulini na si juani, na kwa nini. Nilimweleza harufu. Nilimwonyesha kwa mikono ulimi unavyosinyaa. Nikamweleza gundi ya Fundi Jivan inavyotaka kukorogwa kuelekea upande mmoja, ingawa hilo sina hakika ni ufundi au ni Fundi Jivan tu. Nilisema mpaka aliyefuata akachungulia mlangoni.

Aliandika. Uso hausemi kitu. Ningependa kucheza bao na mtu huyu nione anavyoficha kete.

Alhamisi, 28 Juni

Hakuna matokeo. Nimenoa kila kitu. Nimenoa hata kisu cha mke wa Fundi, akakata kitunguu akajikata kidole, akanisema.

Hamisi anajigamba alimaliza wa kwanza. Nilimwuliza kuhusu mbao yake. Akasema ilikuwa nzuri, laini, inakatika kama siagi. Nikanyamaza. Sasa nanyamaza mahali pabaya na kusema mahali pabaya, sijui nitajifunza lini.

Ijumaa, 29 Juni

NIMEFAULU.

Niandike tena. Nimefaulu. Daraja la Tatu. Mimi Kalunde.

Kwa utaratibu sasa. Alituita bandani, stuli zetu zimepangwa mstari. Akasema kila mtahiniwa alipewa mbao moja mbichi. Kila mmoja. Ni sehemu ya mtihani, kila mwaka, kila mkoa, na hakuna mahali ilipoandikwa kwa sababu mteja naye hataandika. Watu wakaguna. Kwa hiyo hakikuwa kisasi, hata chembe. Nimeona haya kwa lile nililoliwaza.

Petro amefaulu, yeye alimwendea mtahini akamnong'oneza asubuhi ile ile, hakuna aliyesikia. Ndivyo Petro. Hamisi arudie mwakani. Alipoambiwa alitaka kufanya mzaha, akauacha katikati, akatoka nje. Nilimfuata. Tuliketi juu ya magogo. Nilimwambia kweli: viungo vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu, mbao ndiyo iliyomwangusha. Akalia kidogo. Halafu akaniuliza kama Mpare ana utani na kabila gani, ili mwakani ajue. Nilimsukuma akaanguka kwenye maranda. Tukarudi ndani tunacheka, lakini ninamhurumia sana.

Bwana Omari aliniita mwisho. Kofia imerudi kutoka kwa dobi, iko kichwani, ina wekundu kidogo pembeni bado. Akasema stuli yangu imesimama. Akasema amenipunguzia maksi kwa kuchelewa kusema, na kwa ile alama ya msumeno. "Si kwa kofia," akasema.

Nikainamisha kichwa, nikaanza kuomba radhi, maneno niliyoyapanga tangu Jumatatu. Akainua mkono.

"Sisi Wapare watani wetu Wachaga. Wewe na mimi hatuna kitu." Akaivua ile kofia, akaigeuza, akanionyesha mshono wa ndani. "Ila kofia hii kaishona mke wangu. Na mke wangu ni Mzaramo. Wa Kisarawe hasa."

Nikashika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo mali uliyoiteka ni ya watani zako kweli," akasema. "Nimemwandikia. Najua atakachojibu. Atasema Mnyamwezi hajui kuiba, angechukua na viatu."

Hapo ndipo alipocheka. Kumbe ana kicheko kikubwa, cha kifua, kinapiga bati. Nilicheka hadi nikaikalia stuli yangu mwenyewe, na ikanibeba.

Fundi Jivan aliposikia hakusema hongera. Aliniletea patasi yake, ile ya mpini uliopauka, aliyoachiwa na baba yake, akaniwekea mkononi. Kisha akasema haijanolewa.

Jumatatu, 9 Julai

Puge. Asubuhi ya kwanza bandani.

Bati kweli linaumiza macho. Ndani bado kunanuka udongo mbichi wa ukuta. Juzi, Saba Saba, walinitangaza mkutanoni, wakapiga ngoma, Mwenyekiti akakisoma cheti kwa sauti hadi mstari wa chini kabisa, pamoja na jina la mpiga chapa. Shija alikishika kwa ncha za vidole. Leo kimo sandukuni, chini ya kanga. Hakuna anayekiulizia.

Nimeanza na benchi, maana bila benchi hakuna dawati. Mbao zote nimeziweka shavuni. Moja nimeikataa. Nimeiegemeza nyuma ya banda ikauke, itafaa mwakani.

Jua lilikuwa halijapanda vizuri, bibi mmoja akasimama mlangoni na kigoda chake kilichovunjika mguu, amekikumbatia. Simfahamu, ni wa familia zilizohamia hivi karibuni. "Mwangaluka," akanisalimu. "Fundi yupo?"

Nikageuka nyuma kumtafuta.

Banda lilikuwa tupu. Benchi nusu, maranda kidogo, mwanga wa mlangoni.

"Mwangaluka, mayo," nikamwambia. "Karibu, nipe nikione."